Bruda Colm O'Connell: Mwalimu wa jiografia aliyelea mabingwa wa riadha Iten

KATIKA ua wa Shule ya Upili ya St Patrick's mjini Iten, Kaunti ya Elgeyo-Marakwet, mna miti ambayo haikupandwa kwa ajili ya kivuli wala kuni. Ilipandwa kwa heshima ya wanafunzi wa zamani waliotoka shuleni humo wakaenda kuvuma katika viwanja vya riadha vya ulimwengu, na kibao chenye jina la mwanariadha huwekwa penye mti wake.

Mgeni anayepita kutoka mti mmoja hadi mwingine husoma sehemu kubwa ya historia ya riadha ya Kenya bila kufungua kitabu.

Mtu aliyewalea wengi wa wanariadha hao hakuzaliwa Kenya, hakuwahi kuwa mkimbiaji, na alipofika nchini hakuwa na ujuzi wowote wa ukufunzi wa riadha. Ni Bruda Colm O'Connell, mtawa wa Kanisa Katoliki kutoka Ireland, aliyekuja Iten mwaka wa 1976 kufundisha jiografia akinuia kukaa kwa muda mfupi tu. Muda huo mfupi uligeuka kuwa zaidi ya miongo minne.

Jina lake hutajwa kila mara pamoja na nishani. Hata hivyo, linalofaa kuzingatiwa zaidi na wapenzi wa riadha hivi leo ni namna nishani hizo zilivyopatikana: kwa mikono ya mwalimu, ndani ya ratiba ya shule, kwa subira ya miaka, na bila kumtenganisha mkimbiaji na masomo yake. Namna hiyo ya kazi imo hatarini, na kupotea kwake kutakuwa hasara isiyoweza kufidiwa kwa pesa.

Alikuja kufundisha

O'Connell alizaliwa mwaka wa 1948 katika jimbo la Cork, kusini mwa Ireland. Alijiunga na Mabruda wa Mtakatifu Patrick, shirika lililoanzishwa na Askofu Daniel Delany mjini Tullow mwaka wa 1808 na ambalo wito wake mkuu ni elimu. Watawa hawa si mapadri. Huweka nadhiri za umaskini, useja na utii, kisha maisha yao huyatumia katika kufundisha.

Shirika hilo ndilo lililoanzisha St Patrick's mwaka wa 1961, miaka miwili kabla ya Kenya kupata uhuru. Shule ilijengwa kwenye ukingo wa Bonde la Kerio, mahali palipoinuka kwa mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, kilomita zipatazo 35 kutoka Eldoret. Huko hewa ni nyepesi, asubuhi ni baridi, na barabara za vumbi jekundu hupanda na kushuka vilima pasipo kikomo.

Si kwamba shule haikuwa na sifa kabla ya O'Connell kufika. Mwanafunzi wake wa zamani, Mike Boit, alikuwa amenyakua nishani ya shaba katika mbio za mita 800 kwenye Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka wa 1972. Shule ilijulikana pia kwa voliboli. Timu ya riadha ilikuwa chini ya Peter Foster, mwalimu wa kujitolea kutoka Uingereza, nduguye Brendan Foster aliyeshinda shaba ya mita 10,000 kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka huo huo wa 1976.

Mwaka huo ulikuwa wa majonzi kwa riadha ya Kenya. Pamoja na mataifa mengine mengi ya Afrika, Kenya ilisusia michezo ya Montreal kwa sababu New Zealand, ambayo timu yake ya raga ilikuwa imezuru Afrika Kusini ya ubaguzi wa rangi, iliruhusiwa kushiriki. Boit, aliyekuwa katika kilele cha nguvu zake, alinyimwa nafasi ya kuwania dhahabu. Kenya ilisusia tena michezo ya Moscow mwaka wa 1980. Kizazi kizima cha wakimbiaji hodari kikapita bila kuonekana katika jukwaa kuu kuliko yote.

Foster aliporudi kwao, kikosi kilihitaji mtu wa kukisimamia. Mwalimu kijana wa jiografia akaombwa kusaidia. Hakuwa na mtaala wa kufuata wala mkufunzi wa kumwelekeza. Alichokuwa nacho ni wavulana waliokuwa tayari kukimbia, na macho ya kuwatazama. Akaanza kujifunza kutoka kwao: nani hukimbia kwa wepesi na nani hukimbia kwa kujikaza, nani huchoka mapema, nani hujipumzisha vyema, na zoezi lipi humfaa nani. Ujuzi wake wote wa baadaye uliota katika mazoea hayo ya kutazama kwanza na kusema baadaye.

Shule yageuka kitalu

Ili kufahamu mafanikio yaliyofuata, yafaa kukumbuka jinsi michezo ya shule ilivyokuwa mhimili wa riadha ya Kenya katika enzi hizo. Mwanafunzi alianza kushindana na wenzake wa shule, akapanda ngazi za tarafa, wilaya na mkoa hadi mashindano ya taifa. Hakukuwa na maajenti waliozunguka vijijini. Aliyetaka kukimbia nje ya nchi aliitegemea timu ya taifa, jeshi, polisi, magereza, au ufadhili wa masomo katika vyuo vikuu vya Marekani.

Shule ya bweni yenye mwalimu makini ilikuwa na faida kubwa katika mfumo huo. Wavulana walikula pamoja, wakalala kwa wakati, wakafanya mazoezi asubuhi na jioni, na kati ya mazoezi walikuwa darasani. Mwalimu aliyewafunza kukimbia ndiye huyo huyo aliyesahihisha madaftari yao ya jiografia. Kijana akizembea masomoni, kocha alijua. Akiugua au akipatwa na msiba nyumbani, kocha alijua pia.

Matunda ya kwanza yalionekana upesi. Ibrahim Hussein, aliyesomea St Patrick's kabla ya kuelekea Chuo Kikuu cha New Mexico, alishinda mbio za marathoni za New York mwaka wa 1987 na kuwa Mwafrika wa kwanza kutwaa taji hilo. Mwaka uliofuata alishinda Boston, akimpiku Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja tu, kisha akarudia ushindi huo mwaka wa 1991 na 1992. Kabla ya Hussein, wengi waliamini kwamba nguvu za Wakenya zilikuwa katika mbio za uwanjani na za nyika pekee. Mafuriko ya Wakenya katika marathoni za ulimwengu yaliyofuata yalipitia mlango alioufungua yeye.

Ndugu pacha Charles na Kipkoech Cheruiyot, nao wanafunzi wa Iten, waliiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka wa 1984 wakiwa bado vijana wadogo. Charles alifika fainali ya mita 5,000.

Wakuu wa riadha nchini wakaanza kuitazama shule hiyo kwa jicho jingine. Mashindano ya kwanza ya dunia ya chipukizi yalipoandaliwa mjini Athens mwaka wa 1986, O'Connell alikabidhiwa kikosi cha Kenya, ambamo wavulana wa St Patrick's walikuwa wengi. Kikosi hicho kilirejea na mkururo wa nishani, zikiwemo dhahabu mbili za Peter Chumba katika mita 5,000 na mita 10,000. Mwalimu ambaye miaka kumi mapema hakujua lolote kuhusu ukufunzi sasa alikuwa akiheshimiwa na wataalamu wa mataifa yenye maabara na viwanja vya kisasa.

Ushindi uliowashangaza wengi ulikuja miaka miwili baadaye mjini Seoul. Peter Rono, kijana wa miaka 21 aliyepitia St Patrick's kabla ya kujiunga na chuo cha Mount St Mary's huko Maryland, Marekani, aliingia fainali ya mita 1,500 bila kutajwa sana. Aliongoza wenzake, wakamngojea alegee, na hakulegea. Alimaliza kwa dakika 3:35.96 mbele ya Peter Elliott wa Uingereza na kuwa bingwa mwenye umri mdogo zaidi, hadi wakati huo, katika historia ya mbio hizo kwenye Olimpiki.

O'Connell alipanda ngazi na kuwa mwalimu mkuu wa shule hiyo. Baadaye aliachia wadhifa huo, lakini hakufunga virago. Aliendelea kuishi katika ua wa shule, na nyumba yake ikawa mahali pa kukutania wakimbiaji wa kila umri.

Wasichana wapata nafasi

St Patrick's ni shule ya wavulana, na kwa miaka mingi mafanikio ya Iten yalikuwa ya wavulana. Wasichana wa Bonde la Ufa walikuwa na kipaji kile kile, lakini njia yao ilikuwa na miiba zaidi. Wengi waliacha masomo mapema, wakaolewa, au walizuiwa na wazazi walioona kwamba kukimbia kwa suruali fupi mbele ya watu ni utovu wa adabu.

Mwaka wa 1989 O'Connell alianzisha kambi ya mazoezi ya vijana wakati wa likizo za shule, na wasichana wakawa walengwa wakuu. Mpango wenyewe ulikuwa rahisi. Shule zinapofungwa, mabweni hubaki matupu, na wanafunzi wenye vipaji hutawanyika makwao ambako mazoezi hukatizwa na kazi za nyumbani na za shamba. Kambi iliwakusanya kwa siku chache, ikawapa chakula, mazoezi na ushauri, kisha ikawarudisha shuleni mwao muhula ulipoanza. Haikuwaondoa darasani hata siku moja.

Miongoni mwa waliopitia mikononi mwake ni Sally Barsosio. Mwaka wa 1993, akiwa na umri wa miaka 15, Barsosio alishinda nishani ya shaba ya mita 10,000 kwenye Mashindano ya Dunia mjini Stuttgart. Mwaka wa 1997 alirudi kwenye mashindano hayo mjini Athens na kunyakua dhahabu, akawa mwanamke wa kwanza wa Kenya kuwa bingwa wa dunia wa riadha uwanjani.

Mashindano hayo ya Athens yalikuwa sherehe kwa Iten. Wilson Boit Kipketer, aliyesomea St Patrick's, alitwaa dhahabu ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Wilson Kipketer, mwanafunzi mwingine wa zamani wa shule hiyo, alitwaa ile ya mita 800 akiwa amevaa rangi za Denmark. Mabingwa watatu wa dunia katika juma moja walikuwa wametoka kwenye vilima vile vile.

Leo hakuna anayeshangaa kumwona mwanamke wa Kenya akivunja rekodi au kubeba kitita cha pesa katika marathoni za London, Chicago au New York. Mwaka wa 1989 jambo hilo lilihitaji mtu wa kuliamini kabla ya kuliona.

Kukimbia kama somo

Wakufunzi na wanahabari kutoka mataifa mengi wamefunga safari hadi Iten wakitafuta siri ya O'Connell. Wengi walishangaa kukuta kwamba hapakuwa na mitambo yoyote ya kupiga picha.

Mazoezi yake huanza polepole kuliko wanavyotarajia wageni. Wakimbiaji hutembea, huruka kwa madaha, huinua magoti, hunyoosha migongo, kisha hukimbia kwa mwendo ambao mtu wa kawaida angeweza kuufuata kwa muda. O'Connell husimama kando akitazama miguu na kusikiliza vishindo vyake. Hatua inayoanguka kwa kishindo kizito humwambia jambo, na bega moja lililoinuka kuliko jingine humwambia jambo jingine.

Mafunzo hayo ameyapanga katika nguzo nne: umakini wa akili, ulinganifu wa viungo, uthabiti wa kiwiliwili, na kuoanisha hatua kwa wakati wake. Mwanariadha hufunzwa kuuelewa mwili wake kabla ya kuulazimisha. Kasi huja baadaye, kama vile ufasaha wa insha huja baada ya mwanafunzi kuzifahamu herufi.

Jambo la pili ni ukubwa wa kundi. Ijapokuwa Iten ina mamia ya wakimbiaji, yeye alipendelea kufanya kazi na wachache kwa wakati mmoja, wakiishi karibu naye na wakijuana kwa majina. Katika kundi kubwa, mwenye nguvu huongoza na mnyonge huumia akijaribu kumfuata. Katika kundi dogo, kocha huweza kumwambia mmoja apumzike bila aibu.

La tatu ni subira. Kijana wa miaka 16 mwenye kipaji anaweza kushinda mbio nyingi akifanyishwa mazoezi ya mtu mzima, lakini akifika miaka 22 magoti yake yatakuwa yamechoka na moyo wake umekinai. O'Connell aliwapunguzia vijana wake mashindano hata walipokuwa na hamu ya kushindana. Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini akikunjwa kwa pupa huvunjika.

Kipketer na Rudisha

Mbinu hizo zinaonekana vyema zaidi katika mbio za mita 800, ambazo zimekuwa kama mali ya Iten kwa muda mrefu.

Wilson Kipketer aliondoka Kenya mwaka wa 1990 na kwenda kusoma Denmark, akabaki huko. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1995, 1997 na 1999. Alikosa Olimpiki ya Atlanta mwaka wa 1996 akiwa katika ubora wake kwa sababu hakuwa amekamilisha uraia wa nchi yake mpya. Mwaka wa 1997 aliifikia rekodi ya Sebastian Coe ya dakika 1:41.73 iliyokuwa imedumu tangu 1981, akaivunja mjini Zurich, na tarehe 24 Agosti akaishusha hadi 1:41.11 mjini Cologne. Rekodi hiyo ilidumu miaka 13.

Aliyeivunja alikuwa mwanafunzi mwingine wa O'Connell. David Rudisha alizaliwa Kilgoris tarehe 17 Desemba 1988. Babake, Daniel Rudisha, alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichotwaa fedha ya mbio za kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka wa 1968. Kijana huyo alipofika Iten katikati ya miaka ya 2000, mawazo yake yalikuwa kwenye mita 400. O'Connell alimjaribu katika mita 800, na Rudisha akajiunga na Shule ya Upili ya Kimuron, mjini humo humo, ili aendelee na masomo huku akifanya mazoezi.

Mwaka wa 2006 alikuwa bingwa wa dunia wa chipukizi mjini Beijing. Njia baada ya hapo haikuwa laini. Jeraha lilimnyima Olimpiki ya 2008, na kwenye Mashindano ya Dunia ya Berlin mwaka wa 2009 alibanduliwa katika nusu fainali. Mkufunzi mwenye pupa angembadilisha kila kitu. Mwalimu na mwanafunzi wake walirudi kwenye barabara za vumbi, wakaendelea na mazoezi yale yale, na Rudisha akazidi kupendelea kuongoza mbio tangu mwanzo ili asitegemee mwendo wa wapinzani.

Tarehe 22 Agosti 2010 alivunja rekodi ya Kipketer mjini Berlin kwa dakika 1:41.09. Siku saba baadaye mjini Rieti, Italia, aliishusha hadi 1:41.01. Mwaka wa 2011 alikuwa bingwa wa dunia mjini Daegu.

Kisha ikafika jioni ya tarehe 9 Agosti 2012 jijini London. Rudisha alishika uongozi tangu mwanzo bila msaidizi wa kumwekea kasi, akapita mzunguko wa kwanza kwa sekunde 49.28, na kumaliza kwa dakika 1:40.91. Hakuna binadamu aliyekuwa amekimbia mita 800 chini ya 1:41 kabla ya siku hiyo. Hata aliyeshika nafasi ya mwisho, Andrew Osagie wa Uingereza, alikimbia kwa 1:43.77, muda ambao ungempa dhahabu katika kila moja ya fainali tatu za Olimpiki zilizotangulia.

Rudisha alitwaa tena taji la dunia mwaka wa 2015 na dhahabu ya Olimpiki mwaka wa 2016 jijini Rio de Janeiro. Hadi msimu wa 2024 ulipomalizika, rekodi yake ya London ilikuwa haijaguswa. Kwa maneno mengine, tangu mwaka wa 1997 rekodi ya dunia ya mita 800 kwa wanaume ilikuwa imeshikiliwa na wanaume wawili tu, na wote wawili walipitia Iten.

Maswali yasiyokwepeka

Wapo wanaosema kwamba sifa anazopewa O'Connell zimezidi kipimo. Hoja yao ni kwamba Bonde la Ufa lilikuwa na vipaji kabla yake. Kipchoge Keino alikuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka wa 1968 na 1972, naye hakuhitaji mtawa kutoka Ireland. Wanauliza pia kwa nini mzungu mmoja atajwe kila mara huku walimu wengi Wakenya waliofanya kazi hiyo hiyo katika shule za mashambani wakisahaulika.

Hoja hiyo ina uzito, na historia kamili ya riadha ya shule nchini bado inangoja kuandikwa. Lakini mwinuko wa ardhi na kipaji havitoshi. Kuna maeneo mengine ya dunia yenye mwinuko kama wa Iten ambayo hayajatoa bingwa hata mmoja. O'Connell mwenyewe amekuwa akisisitiza kwamba kipaji ni cha vijana, na kwamba yeye ni wa kukielekeza tu.

Swali la pili ni la kuondoka kwa vipaji. Kipketer aliikimbilia Denmark, na wengine wengi wa Bonde la Ufa wamebadilisha uraia tangu hapo. Baadhi ya mashabiki waliliona hilo kama kulea ndama ambaye maziwa yake yatanywewa na jirani. Mwalimu, hata hivyo, hulea mtoto ili aende mbele. Hana mamlaka ya kuchagua mahali atakapofika.

Swali la tatu ndilo zito zaidi, nalo linahusu mji aliousaidia kuvuma. Iten ya leo si ile ya 1976. Lornah Kiplagat alifungua kituo cha mazoezi mjini humo, na mabingwa wa kigeni kama Paula Radcliffe na Mo Farah walifika kufanya mazoezi. Hoteli zikajengwa na ardhi ikapanda bei. Pesa za mbio zikabadilisha maisha ya familia nyingi kwa wema.

Pesa hizo hizo zilileta tamaa. Vijana walianza kuacha shule ili wakimbie barabarani ng'ambo wakiwa bado hawajakomaa. Dawa haramu za kusisimua misuli zikaenea hadi mwaka wa 2022 Kenya ikawa katika hatari ya kufungiwa nje ya mashindano ya kimataifa, na serikali ikalazimika kuahidi dola milioni tano za Marekani kila mwaka kwa miaka mitano kupambana nazo. Uwanja wa Kamariny, ambao vumbi lake lilikanyagwa na mabingwa wengi, ulifungwa ili ufanyiwe ukarabati, na mradi huo ukakwama kwa miaka mingi.

Tarehe 13 Oktoba 2021, Agnes Tirop, mshindi mara mbili wa nishani ya shaba ya dunia katika mita 10,000, alipatikana ameuawa nyumbani kwake Iten. Alikuwa na umri wa miaka 25, na mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu avunje rekodi ya dunia ya kilomita 10 katika mbio za wanawake pekee. Kifo chake kilifichua dhuluma ambazo wanariadha wa kike walikuwa wakizinong'oneza kwa muda mrefu: msichana anayeacha masomo mapema, akamtegemea mtu mmoja awe kocha, meneja na mume, na mapato yake yote yakapitia mikononi mwa mtu huyo.

Ukilinganisha hali hiyo na kambi ya mwaka wa 1989, tofauti ni dhahiri. Kambi ile ilimrudisha msichana shuleni. Ilimpa mtu mzima wa kumwamini ambaye hakutaka chochote kutoka kwake, wala asilimia ya zawadi zake, wala ardhi, wala ndoa.

Urithi

Wanafunzi wa St Patrick's hawakuishia kwenye viwanja. Mike Boit alisoma hadi akapata shahada ya uzamifu, akawa Kamishna wa Michezo na baadaye profesa katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ibrahim Hussein aliongoza kituo cha kustawisha riadha cha shirikisho la kimataifa jijini Nairobi. Hao ni ushahidi kwamba mkimbiaji aliyepitia darasani ana maisha baada ya miguu kuchoka, ilhali aliyeacha shule kwa ajili ya mbio hubaki na nishani pekee, na nishani hailiki.

Urithi wa O'Connell unaweza kuendelezwa bila yeye, kwa sababu hauhitaji vifaa ghali. Unahitaji shule zinazothamini michezo kama sehemu ya elimu, walimu wanaopewa muda na heshima ya kuisimamia, kambi za likizo zilizo salama kwa wasichana, na uwanja mmoja wa vumbi uliotunzwa. Unahitaji pia ujasiri wa kumwambia kijana wa miaka 17 aliyeahidiwa tiketi ya ndege kwamba asubiri, amalize kidato cha nne kwanza.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Ajenti huahidi pesa za mwezi ujao, na mwalimu huahidi mambo ya miaka kumi ijayo. Mzazi aliye na karo ya watoto wanne anaelewa kwa urahisi ni ahadi ipi iliyo karibu.

Kila bingwa wa Kenya anaporudi nyumbani hulakiwa kwa nyimbo na kibuyu cha mursik, na picha za wanasiasa wakimkumbatia hujaa magazetini. Mwalimu aliyemfunza kukimbia akiwa na umri wa miaka 14 huwa mara nyingi hayupo kwenye picha hizo. Saa hizo huwa yuko shuleni, kwa sababu kuna kikosi kingine kinachomngoja jioni.